Nguo Tatu za Figo

Mvara, Arua
9 Juni 2025

Kwa mama yangu Bushira,

Assalaam alaikum, Mama. Huku Arua sote wazima ila yule unayemjua, na hata yeye leo amekula vijiko kadhaa vya uji na kunisema kwamba nimenenepa, kwa hiyo tumshukuru Mungu.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yetu haifai. Ukiwa Dranya mtandao haushiki mpaka usimame nyuma ya choo, na ukisimama hapo majirani wote wanakuwa kwenye mazungumzo. Halafu mimi nikifika tu kwenye neno figo nalia, na wewe ukisikia nalia unakata. Barua hii atakuletea Gaspard, yule Mkongo wa mafuta ya mawese, ambaye gari lake linapita kwako kila wiki kwenda Koboko. Mpe jibu akirudi.

Mama, majibu ya vipimo yametoka. Mimi na Hamdani tunalingana. Daktari alipoyasoma alitabasamu, akasema kwa ndugu wawili hangetaka zaidi ya hapo. Figo zangu zote mbili ni nzima. Wakitoa moja, nyingine itafanya kazi ya zote mbili nami nitaishi maisha yangu. Upasuaji utafanyika Kampala. Mume wangu nimeshamwambia. Jambo la kwanza aliloniuliza ni nani atakayekuwa anapika. Nikajua amekubali.

Hamdani hawezi kuendelea hivi. Figo zake zimekufa, ile mashine ya kusafisha damu inamshikilia tu. Mishipa ya mkono wake imechoka kuchomwa. Mwezi uliopita alianguka sokoni katikati ya nguo zake za mitumba, na wateja wakadhani amelala. Daktari hakutuficha: bila figo mpya, hatufiki mbali.

Lakini unamjua mwanao, kichwa kigumu. Amesema hatalala kwenye meza ya upasuaji mpaka apate radhi yako. Si ya baba mdogo, si ya sheikh, yako. Ukisema hapana, kwake ni hapana.

Basi jambo lote liko mikononi mwako. Sema ndiyo, Mama.

Binti yako,
Sadiya


Dranya, Koboko
15 Juni 2025

Sadiya mtoto yangu,

Waalaikum salaam. Barua imefika, na Gaspard amekunywa chai vikombe vitatu, anakusalimia.

Kwanza weka kalamu nyekundu chini. Wewe iko mwalimu, lakini Kiswahili yangu ni ya kambi ya jeshi, marehemu baba yako alinipa hiyo na imenitosha mpaka leo.

Jibu yangu ni hapana.

Sasa sikiliza kwa nini, usianze kulia. Wewe unafundisha watoto mambo ya mwili kwenye ubao. Mimi naosha maiti. Mwanamke akifa Koboko hii, wanabisha mlango yangu kabla hawajamwita sheikh. Mkono yangu inajua kitu moja kuliko daktari yako: baridi. Mtu akizimia, akiwa hasemi, akiwa hapumui vizuri, bado kwapa iko moto. Siku kwapa iko baridi, nasema inna lillahi na naitisha maji. Sijawahi kukosea.

Na kitu ikikatwa kutoka kwa mtu hai, hiyo kitu ni maiti. Kucha tunazika. Nywele tunazika. Kitovu yako na ya Hamdani nilizika mimi, nakumbuka mahali. Babu yako Fadhul alipokatwa mguu kwa sababu ya sukari, mguu uliletwa nyumbani, ukafunikwa shuka, na wanaume walichimba. Wewe ulikuwa mdogo, ulikula halua siku hiyo.

Sasa mnataka kutoa kipande ya wewe, ikae nje, ipoe, halafu muingize ndani ya Hamdani. Hiyo si dawa, hiyo ni kuzika. Tumbo ya mtoto yangu si kaburi.

Kama daktari yako anajua, anijibu hii. Kutoka kwako mpaka kwake, hiyo figo inakaa wapi? Nani anaishika? Na wakati huo, iko hai ama imekufa?

Mama yako,
Bushira


Mvara
22 Juni 2025

Mama mpenzi,

Umeuliza swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani, wallahi. Nililipeleka hospitali lilivyo. Kuna muuguzi mmoja wa chumba cha upasuaji cha Kampala, anaitwa Stéphanie, mama yake ni mtu wa Aru, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kazi yake ni hiyo hiyo unayoiuliza: kutunza figo tangu inapotoka mpaka inapoingia. Alikuja Arua kutupima na kutuandaa, akakaa nami kwenye benchi akanieleza yote. Nakuandikia kama alivyosema.

Figo ikitolewa, ndani yake bado kuna damu. Damu hiyo ikiachwa itaganda na kuiua. Kwa hiyo kabla ya lolote inaoshwa. Wanaingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wake, wanapitisha maji baridi yenye dawa, wanaosha tena na tena mpaka maji yanatoka safi. Stéphanie anasema inapauka, inakuwa nyeupe kama nyama ya kuku.

Halafu inawekwa ndani ya mfuko safi wenye maji yale ya dawa. Mfuko huo unavishwa wa pili, na wa pili unavishwa wa tatu, kila mmoja unafungwa kwa uzi. Kisha inalazwa ndani ya sanduku lenye barafu. Barafu yenyewe haiigusi, maana barafu ikigusa nyama inaiunguza. Inachotakiwa ni ubaridi tu.

Na kwa nini baridi? Hapa ndipo nilipofurahi, Mama. Chochote kilicho hai kinakula, na chakula cha figo kinaletwa na damu. Ikiwa nje haina wa kuilisha. Ikikaa kwenye joto inakufa njaa upesi sana. Ikitiwa baridi inatulia, haidai chakula, inaweza kungoja. Kwa hiyo baridi haiiui. Baridi inaipunguzia njaa.

Umeona? Hakuna uchafu, hakuna ovyo ovyo. Inaoshwa vizuri, inafungwa mara tatu, inalazwa sandukuni kwa heshima zake. Sasa roho yako itulie, unipe neno nimpelekee Hamdani.

Nakupenda,
Sadiya


Dranya
28 Juni 2025

Sadiya,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikatafuta mahali pa kukaa. Jirani Mindra aliona uso yangu akauliza nani amekufa.

Inaoshwa. Inavishwa tatu. Inafungwa kwa uzi. Inalazwa kwenye sanduku. Mtoto yangu, umeniandikia mazishi! Toka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mazishi matupu, halafu unaniambia roho yako itulie!

Na hata mazishi yenyewe mmekosea. Sanda ya nguo tatu ni ya mwanaume. Wewe ni mwanamke, za kwako ni tano. Na sanduku ni mambo ya Wakristo, sisi sanduku tunaweka nguo za arusi. Na huyo Stéphanie anayeosha, nani alimfundisha kuosha? Anaanza na upande gani?

Maneno ya njaa nimesikia. Ni maneno mazuri, umeyapanga vizuri. Lakini hata maiti hapana sikia njaa.

Jibu iko ile ile. Mwambie Hamdani namwombea kila swala, simsahau hata moja. Natuma bamia kavu na simsim. Hapana, simsim nimetoa tena, nimekumbuka ulisema daktari alimkataza. Ya bamia sijui, uliza kwanza.

Mama yako


Awindiri, Arua
13 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi Hamdani, mwandiko umeharibika kidogo kwa sababu mkono wa kulia una bandeji.

Sadiya aliniletea barua yako ya nguo tatu na ya sanduku. Yeye alikuwa amevimba macho. Mimi nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia. Mama, umemnyamazisha mwalimu! Miaka yote hii mimi nimeshindwa. Bamia zinaruhusiwa kidogo, nimekula, zimenikumbusha nyumbani.

Sikuandikii kukusukuma. Nilisema radhi yako, na radhi ya kusukumwa si radhi. Nataka tu ujue ninavyoishi, maana Sadiya anakuficha mengine. Siku ya mashine naketi kwenye kiti na kuitazama damu yangu ikitoka mwilini, inapita kwenye mipira, inazunguka, inarudi. Inatoka moto, inarudi imepoa. Nasikia ubaridi ukipanda kutoka kiwiko mpaka bega. Mara ya kwanza niliogopa sana. Siku hizi nasinzia. Maji ya kunywa napimiwa, na kiu yake, Mama, siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajaiona. Kazi nafanya nusu siku, halafu nalala juu ya marobota.

Sasa kuna jambo nimelibeba na limenilemea. Juzi Sheikh Yasiri alikuja Arua kwa mambo ya msikiti, akapita kunitazama. Alishangaa kunikuta hapa. Alidhani nimeshakwenda Kampala. Akasema wewe ulimwendea kabla ya Idi kumuuliza habari ya figo, na alikujibu wazi kwamba inafaa, kwamba kiungo kikiingia kwa aliye hai na kikafanya kazi basi ni hai pamoja naye, na kwamba anayetoa ana thawabu kubwa. Kabla ya Idi, Mama. Sadiya alikuwa hajaandika hata barua ya kwanza.

Sikasiriki. Ningekuwa na nguvu za kukasirika ningezitumia kupanda ngazi. Lakini kama jibu ulikuwa nalo, basi kinachokuzuia si habari ya maiti. Ni kitu gani? Sadiya sijamwambia. Niambie mimi. Ukisema hutaki tu, bila sababu, nitakubali na sitakununia, haki ya Mungu.

Mwanao,
Hamdani


Dranya
20 Julai 2025

Hamdani mtoto yangu,

Ndiyo, nilimuuliza. Sadiya alisema kwenye simu kwamba anakwenda kupimwa damu, nikavaa viatu nikaenda kwa Yasiri siku hiyo hiyo. Alinijibu kama alivyokuambia. Nilirudi nyumbani na jibu, nikaikalia.

Wewe ni mwanaume, hujaingia pale ninapofanya kazi, kwa hiyo nitakueleza. Wewe ukifa, Mungu apishe mbali, wataingia wanaume. Yasiri ataosha na wenzake. Mimi nitakaa na wanawake wenzangu, nitalia kama mama yeyote, watanishika mabega. Watanizuia hata kukuona.

Sadiya akifa, watakuja kubisha mlango yangu.

Niliosha mama yangu. Niliosha dada yangu Kadijah, na nilisuka nywele zake mikia mitatu kama inavyotakiwa, mkono haukutetemeka. Watu walisema Bushira ana moyo. Lakini tangu Sadiya aseme neno ya kupima damu, kila mwanamke wanayenilazia mbele naona ni yeye. Wiki iliyopita niliosha msichana wa Koboko mjini, umri wa Sadiya, alikuwa na kovu ubavuni ya upasuaji. Nilitoka nje na sikurudi ndani, Mindra ndiye alimalizia.

Nikisema ndiyo, nimemtoa yeye mzima. Nikisema hapana, nimekuacha wewe. Hakuna mama anajua kuchagua hiyo. Ndiyo nikachukua neno ya maiti, kwa sababu ni neno kubwa na hakuna mtu wa nyumba yetu angebishana na mimi juu ya maiti. Halafu yeye akaanza kuniandikia maji na nguo na sanduku, nikaona Mungu mwenyewe ananionya.

Usimwambie dada yako. Ataona aibu kwa ajili yangu.

Mama yako,
Bushira


Mvara
29 Julai 2025

Mama,

Hamdani amenionyesha. Usimgombeze, alikaa nayo mfukoni mpaka ikachakaa, ndipo akanipa. Aibu sikuona. Nililia, kisha nikatamani ningekuwa Dranya nikulalie mapajani kama zamani.

Na mimi naogopa, Mama. Sikuandika kwa sababu nimezoea kusimama mbele ya darasa, na mwalimu akionyesha woga wanafunzi wanammaliza. Nilimwuliza daktari, je, anayetoa figo anaweza kufa? Akasema ni nadra sana, lakini ipo, na hatanidanganya. Basi na mimi sitakudanganya. Siwezi kukuahidi kitu ambacho Mungu hajaniahidi.

Ila nikuambie ninachoogopa zaidi. Naogopa siku nitakayokaa na wanawake ndani ya nyumba ya Hamdani, tunasikia maji yanamwagika nyuma ya shuka, wanaume wanamwosha ndugu yangu, na mimi nimekaa pale na figo mbili. Nitakula vipi baada ya hapo? Nitamtazamaje mke wake Filda? Nitazeeka nikiwa nimebeba tumboni kitu ambacho kingemtosha.

Ikitokea lile unaloliogopa, basi niwe wako. Sitaki mkono mwingine, na nywele zangu unazijua. Lakini Mama, tafadhali, usinioshe kabla sijafa.

Na swali lako nilikujibu vibaya. Uliuliza figo ikiwa kwenye barafu iko hai ama imekufa, nikakujibu kama kitabu. Nilimpigia Stéphanie nikamsomea barua zako za Juni, hata pale ulipouliza anaanza upande gani. Alicheka, kisha akasema: "Mwambie mama sisi wenyewe hatujui mpaka damu iingie. Tunafanya kila kitu ili ibaki hai. Tunaiosha, tunaipoza, tunaichunga. Lakini ikiwa pale kwenye barafu, kwa macho, haina tofauti na iliyokufa. Tukiunganisha mishipa na kufungua damu, ndipo inabadilika rangi, na Mungu akijalia mkojo unatoka palepale mezani. Kabla ya hapo tunangoja kama nyinyi." Alisema pia kwamba kwetu sanduku huenda lisihitajike, maana vyumba viwili vya upasuaji vinapakana. Huenda ikakaa kwenye bakuli la barafu tu. Ile mifuko mitatu ni ya safari ndefu. Mimi ndiye niliyekuandikia kila kitu nilichosikia, kwa kiherehere changu.

Njoo Kampala. Usikae Dranya nyuma ya choo ukingoja simu. Nataka nikifumbua macho nikuone wewe.

Sadiya


Dranya
3 Agosti 2025

Kwa Sadiya na Hamdani, watoto wangu wawili,

Mimi Bushira binti Fadhul nimewapa radhi yangu. Sadiya nimekupa radhi ya kutoa. Hamdani nimekupa radhi ya kupokea. Nimetoa mbele ya Mungu na mbele ya Mindra, ambaye alikuja kuazima kinu na nikamwambia asimame kwanza asikie.

Nitakuja. Gaspard atanifikisha Arua, halafu basi. Nilimwambia naogopa ile safari, madereva wanaendesha kama wamefukuzwa. Akasema, "Mama, hata miye naogopa, kila mutu anaogopa, lakini tunapanda tu." Basi nitapanda.

Nina neno moja tu. Huyo anayeosha, nataka kuona uso wake kabla hajaanza.

Mama yenu


Kampala, wodi ya wanawake
17 Septemba 2025

Hamdani mtoto yangu,

Nakuandikia na uko juu ya kichwa yangu, ghorofa moja tu. Wamenikataza kuingia kwako wasije wadudu wa Koboko wakakuingia. Muuguzi amenipa karatasi mpya na amenitazama nikinawa, ndipo akakubali kukuletea. Jana walinionyesha mkono wako kupitia kioo. Ulipunga. Nikapunga. Sijui kama uliniona nikilia, kama uliona basi ni furaha.

Filda amekwambia mambo ya siku ile, lakini Filda alikuwa amelala chini amejifunika. Mimi nilikuwa macho, kwa hiyo sikia kwangu.

Stéphanie alitoka kuja kuniona kabla hawajaanza, kama nilivyotaka. Ni msichana mdogo, mwembamba, mtu wa kucheka. Nikamwambia nionyeshe unavyonawa. Akanipeleka mpaka kwenye mlango wa kioo nikamwona. Alinawa vidole kimoja kimoja, akapanda mpaka kiwiko, akarudia, muda mrefu kuliko udhu. Maji hakuyafunga kwa mkono, alifunga kwa kiwiko. Nikasema haya, huyu anajua.

Figo ya dada yako ilitoka salama. Halafu kwako ikawa shida. Mshipa ambao walitaka kuunganisha haukuwa mzuri, wakatafuta mwingine. Stéphanie alitoka tena na hakucheka. Akasema, "Mama, Sadiya wanamshona, iko vizuri. Figo bado inangoja." Nikamuuliza inangoja wapi. Akasema kwenye barafu. Nikamuuliza, "Sasa hivi iko ya nani? Si ya Sadiya tena, na ya Hamdani bado." Akasema, "Sasa hivi iko yangu, Mama. Mimi ndiyo naichunga." Akarudi ndani.

Mtoto akizaliwa tunaadhini kwenye sikio. Mtu akifa tuna maneno yake. Nilitafuta maneno ya kitu ambayo haijazaliwa na haijafa na imekaa kwenye bakuli, sikupata. Nikaomba dua ya msafiri. Niliomba Mungu aifikishe. Niliomba mpaka mdomo ukakauka, na yule mlinzi wa mlangoni, Mganda wa hapa Kampala, akaniletea maji bila kuombwa.

Stéphanie alipotoka mara ya tatu kofia ilikuwa mkononi. Akasema walifungua damu, na ile nyeupe ikawa nyekundu wakiiangalia, kuanzia upande mmoja mpaka mwingine, halafu mkojo ukatoka. Hamdani, watu wazima, madaktari na miwani zao, walikuwa wanapongezana kwa sababu ya mkojo wako. Nilimkumbatia yule msichana mpaka akasema, "Mama, mbavu."

Sasa sikia ya leo, ndiyo sababu nimeomba karatasi.

Asubuhi daktari alisema Sadiya anaweza kuogeshwa. Muuguzi alileta beseni. Nikasema hapana, lete hapa, hii kazi ni yangu. Walifunga pazia. Sadiya alikuwa amelala chali, macho amefumba, uso umepauka bado. Nikalowesha kitambaa, na mkono ukaanza wenyewe. Nilianza upande wa kulia, kichwa, uso, bega, mkono. Nikamgeuza kidogo, taratibu, kama tunavyogeuza. Nilipofika ubavuni nikaona mshono, kama kovu ya yule msichana. Nikaona nilichokuwa nafanya na kwa mpangilio gani. Mkono ukaganda hewani, maji yanadondoka. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nilitazama kifua chake na sikuona kama kinapanda.

Akafumbua jicho moja. Akasema, "Mama! Maji yamepoa! Unataka niugue tena?"

Nikaomba maji ya moto. Yakaletwa. Akasema sasa yanachoma. Nikachanganya. Akasema nakwaruza, mkono yangu iko nzito kama ya askari, sabuni imeingia sikioni, na mguu wa kushoto nimeuruka. Nimeosha wanawake wa Koboko tangu wewe hujazaliwa, wazee na vijana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunigombeza. Huyu aligomba toka kichwa mpaka unyayo, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka nyuma ya pazia.

Nikamwosha polepole, mtoto yangu, ili agombe zaidi.

Mama yako,
Bushira